Posta Ndani ya Mfuko wa Meya

Nianze kwa kukiri, maana najua mmeshanisema vya kutosha huko mlikokaa: siku ile, katika ukumbi ule wote, mjinga nilikuwa mimi. Si Meya. Si wajumbe. Mimi hapa, msanifu majengo, mwenye vyeti ukutani na miwani ya fremu nyeusi niliyoitafuta makusudi ili nionekane mtu anayefikiri.

Wiki iliyopita mliniacha mbele ya meza ndefu ya halmashauri, mdomo wazi, natazama vidole viwili vya Meya vikiinyanyua posta ya zamani kutoka kwenye modeli yangu, ule mfano mdogo wa majengo, kama mtu anayefunua sufuria aone kama kumeiva. Mkafunga gazeti, mkaenda zenu. Mimi nilibaki palepale.

Kwa wewe uliyedandia leo, habari ni hii. Mji unataka maktaba ya kisasa. Mahali palipopatikana ni uwanja wa nyuma ya posta ya zamani, jengo lenye kuta nene, ngazi za mbao na mlango wa tao, lililofungwa siku nyingi na ambalo wapangaji wake wa sasa ni popo. Nikachora maktaba inayoanzia ndani ya hiyo posta. Unaingia kwa mlango wa tao, unaazima kitabu kwenye vidirisha vilevile walikouzia stempu, unapanda ngazi zilezile za mbao, halafu ghafla unatokea kwenye vioo, mwanga na vitabu mpaka juu. Hata mimi mwenyewe nilipoimaliza nilikaa nikaitazama nikajionea wivu.

Sasa, uwanja ule hauguswi mpaka Bodi ya Majengo ya Kale itoe kibali. Mwenyekiti wa bodi ni hakimu mstaafu, mama asiyecheka hovyo. Na hakimu huyo, kwa bahati yangu, ndiye mama mkwe wangu. Wenzake walimsihi asitoe kibali. Walimwambia wasanifu huja na vioo, wakaondoka na tingatinga. Mimi nikaenda kwake, nikakaa ukingoni mwa kochi lake, nikaapa kwamba posta ile haitatoka hata tofali moja.

Akatoa kibali, peke yake, wenzake wote wamenuna. Akaniambia, "Baba, nimeliweka jina langu juu ya ulimi wako. Usije ukateleza."

Mnaona nilivyokuwa nimekaa? Posta ikianguka, jina la mama mkwe linaanguka nayo. Na mimi kwenye ile nyumba nitakuwa nakaribishwa kwa msiba tu, tena wangu.

Modeli aliiunda mke wangu. Ndiye fundi wa modeli ofisini kwetu, mikono yake inaweza kutengeneza ngazi za kupandwa na sisimizi. Alipomaliza akaja na chupa ya gundi. Nikamzuia.

"Usigundishe," nikamwambia. "Nataka posta iwe inanyanyuka, waone ngazi za ndani."

"Baba watoto, kitu kinachonyanyuka ukikiweka mbele ya mwenye cheo, atakinyanyua."

"Ndiyo raha yenyewe."

"Akishakinyanyua atakiweka wapi?"

Swali hilo niliona la kitoto. Nikamwambia asigundishe chochote, cha kale wala kipya, nataka kuonesha kila pembe. Akafunga kizibo cha gundi, akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyevaa shati nje-ndani na hataki kuambiwa.

Haya, turudi ukumbini.

"Mheshimiwa, nyanyua tu, usiogope," nilimwambia Meya kwa mdomo wangu huuhuu.

Akanyanyua. Hakuzitazama ngazi hata kwa bahati mbaya. Alitazama pale palipobaki patupu. Akainamisha kichwa kulia, akainamisha kushoto.

"Hapo sasa," akasema. "Hapo ndipo nimeielewa."

"Umezielewa ngazi, Mheshimiwa?"

"Ngazi gani? Nimeielewa nafasi. Hebu tazameni inavyopumua!"

Wajumbe wote wakainama kutazama inavyopumua. Mmoja alivua miwani ili aone vizuri zaidi. Mwingine aliyekuwa amelala akaamka, akauliza kuna nini, akaambiwa inapumua, akasema kweli kabisa, na yeye ameona.

Meya akatafuta pa kuiweka posta. Mezani palijaa chupa za maji na viwiko vya waheshimiwa. Akafanya ambalo mke wangu alikuwa ameliona mapema kuliko mimi: akaidumbukiza kwenye mfuko wa koti. Kama funguo za gari. Akapigapiga mfuko kwa nje, akaketi.

Nikageuka kumtafuta mke wangu aliyekuwa amekaa viti vya nyuma. Sikuyaona macho yake. Niliuona mgongo wake unatoka mlangoni.

Safi. Hata mgongo umenichoka.

"Mheshimiwa," ikasema sauti nzito kutoka upande wa dirishani, "hapo mbele hapo yanakaa magari ya wajumbe wote, bila kubanana."

Huyo ni mkandarasi. Mjini tunamwita Zege, kwa sababu hakuna tatizo duniani ambalo hajapata kulijibu kwa zege. Ukimwambia una mafua, atakuuliza eneo lina ukubwa gani.

Nikwambieni ukweli. Nilikuwa nimezungumza mbele ya wale watu kuhusu mwanga wa asubuhi, kuhusu ubaridi wa kuta nene, kuhusu mtoto atakayesoma kitabu chake cha kwanza chini ya tao la kale. Walipiga miayo mpaka nikaogopa watameza michoro. Zege akasema maneno "magari ya wajumbe wote", na ukumbi mzima ukapata akili.

"Pawe na kivuli," akadai mmoja.

"Kivuli kipo," Zege akajibu. "Tunamwaga zege juu, tunasimamisha nguzo."

Nikajikaza. "Mheshimiwa, naomba niseme. Hatuwezi kuiondoa posta, kwa sababu posta ndiyo mlango. Maktaba hii ukiondoa posta haina pa kuingilia. Ni boksi la vioo limefungwa pande zote. Watu watavitazama vitabu kwa nje kama samaki."

Nikatoa kifua mbele. Nilijua nimewafunga goli.

"Weka mlango," akasema Meya.

"Mheshimiwa?"

"Wewe si ndiye msanifu? Chora mlango. Au na hilo tuitishe kikao?"

Kicheko kikazunguka meza nzima, kikanirudia mimi.

"Kioo tunakitoboa tu," Zege akaongeza kwa huruma. "Kazi ya nusu siku."

Nikabadili silaha. "Lakini Bodi ya Majengo ya Kale..."

"Kibali si kimeshatoka?" Meya akaniuliza.

"Kimetoka, ila..."

"Kimesainiwa na nani?"

"Mwenyekiti wa bodi," nikajibu.

"Ambaye ni nani kwako?"

Kumbe mzee anajua. Halmashauri nzima inajua. Hata yule wa usingizi akafumbua jicho moja asubiri jibu.

"Mama mkwe," nikasema, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa.

"Basi hilo ni jambo la kifamilia!" Meya akashangilia. "Kamalizaneni nyumbani. Sisi hapa tunajenga mji."

Halafu akanifanyia kitu kibaya kuliko kunicheka. Akawa mpole. Akanivuta karibu, akanishika bega kama baba anayemuaga mwanawe stesheni.

"Kijana wangu, mimi nimekipenda hiki kioo chako. Nimekipenda kweli. Mlangoni tutabandika bamba la shaba, jina lako juu, langu chini yake kidogo. Vizazi vitakusoma."

Shaba. Akasema shaba, jamani.

"Nisaidie kitu kimoja," akaendelea, huku ananisogezea mchoro mkubwa wa kiwanja na kalamu nyekundu ya wino mzito. "Hapo penye posta, piga mkato, mistari miwili ya kupishana. Wewe mwenyewe. Ili wajumbe wajue msanifu na halmashauri ni kitu kimoja."

Natamani ningeweza kuwaambia kwamba niliitupa ile kalamu. Kwamba niliinua kidevu, nikamtazama usoni, nikatamka maneno ya kuchongwa kwenye jiwe. Ningekuwa naandika habari ya mtu mwingine ningemfanyia hisani hiyo.

Niliishika kalamu. Nikaondoa kizibo. Kichwani bamba la shaba linang'aa, jina langu linasomwa na vizazi, vizazi vinasema huyu alikuwa mtu. Nikasema moyoni, nitapiga mstari mmoja tu, mwembamba, wa kupotezea muda. Mstari mmoja si mkato. Mkato unataka miwili.

Nikaupiga.

Mlango ukafunguka.

Akaingia mke wangu. Nyuma yake akaingia mama yake, mkoba kwapani, viatu vya visigino vifupi, koh, koh, koh kwenye sakafu ya ukumbi. Ofisi ya bodi iko chini yetu, ghorofa moja tu. Mgongo wa mke wangu haukuwa umenichoka. Ulikuwa umetumwa na akili.

Na mimi nimesimama mezani na kalamu nyekundu, wino haujakauka.

"Msisimame," mama mkwe akasema. Hakuna aliyekuwa amesimama, lakini baada ya kuambiwa hivyo wakasimama wote. Zege alisimama mpaka akagonga goti.

"Karibu sana, Mama Mwenyekiti," Meya akasema. "Tulikuwa tunakutaja kwa mema."

"Nimeyasikia kwenye ngazi." Akavuta kiti, akaketi mbele ya modeli. Akaitazama. Akaitazama tena pale mbele, penye shimo la mraba lisilo na kitu. "Posta iko wapi?"

Wajumbe wakachunguza kucha zao. Zege akachunguza dari, labda inahitaji zege.

"Nimeuliza posta iko wapi."

Mfuko wa koti la Meya ulikuwa umetuna ubavuni, na ncha ya paa la posta inachungulia nje kama inaomba msaada. Mama mkwe akautazama ule mfuko. Akaendelea kuutazama. Ndivyo alivyokuwa akifanya mahakamani, nimesimuliwa: wezi walikuwa wanarudisha vitu ambavyo hata hawajashtakiwa navyo.

Meya akatoa posta. Ilikuwa na nyuzi za mfukoni na pipi moja imeganda kwenye tao. Akaiweka mezani polepole.

"Nilikuwa naihifadhi," akasema.

"Vizuri. Hiyo ndiyo kazi ya bodi yangu, nashukuru umenisaidia." Akaibandua pipi, akaiweka mbele ya Meya. "Hiyo ni yako. Haya, Mheshimiwa, endelea. Nimeambiwa pamependeza. Nieleze uzuri wake."

Nilimwona mke wangu ananiashiria ninyamaze. Kwa mara ya kwanza siku ile nikamtii.

Meya, maskini, akadhani amepewa nafasi. Hakumjua hakimu. Hakimu hasomi hukumu watu hawajamaliza kujieleza. Basi akajieleza. Jengo limechoka. Jengo lina nyufa. Jengo limeziba mandhari. Mji wa kisasa hauingii kwa mlango wa watu waliokufa. Kadiri mama mkwe alivyotikisa kichwa kuonesha anasikia, ndivyo Meya alivyozidi kuchangamka, mpaka akafika kwenye maegesho.

"Ya magari ya nani?"

"Ya... wananchi."

"Ya wajumbe wote," Zege akasahihisha, kwa nia njema kabisa. "Bila kubanana."

Meya alimtazama Zege kwa jicho ambalo lingekausha zege bichi.

"Nimeelewa," akasema mama mkwe. Akanigeukia. "Na wewe baba? Mchoraji mwenyewe unasemaje?"

Watu wote kwangu. Kalamu bado mkononi. Nikaiweka chini, ikaviringika, ikaanguka, ikapiga kelele kuliko ukubwa wake. Upande mmoja shaba. Upande wa pili lile kochi, na mimi ukingoni mwake naapa.

"Mama, bila posta hii si maktaba. Ni kabati la vioo limesahauliwa nje. Mimi sitaichora. Achore mwingine, na bamba wamwekee yeye."

"Kijana!" Meya akafoka.

"Na huo mstari mwekundu?" akauliza mama mkwe, kama hajasikia mtu akifoka.

"Mama, hapo mkono ulitangulia."

"Kichwa kilikuwa wapi?"

"Kilikuwa njiani kinakuja, mama."

Nikasikia mke wangu anakohoa. Namjua. Hakuwa na kikohozi.

Meya akaona mambo yanamponyoka. Akapiga meza. "Tusipotezeane muda. Msanifu akigoma, wasanifu wapo wengi, wengine na miwani yao hiyohiyo. Tupige kura. Anayekubali maktaba ijengwe bila posta, anyooshe mkono."

Mikono ikapanda. Yote. Zege naye akanyoosha, ikabidi akumbushwe kuwa yeye si mjumbe, akaushusha kwa masikitiko.

"Imepita!" Meya akatangaza. Akamgeukia mama mkwe na tabasamu pana. "Demokrasia, Mama Mwenyekiti. Na kibali chako tunacho, tunakushukuru sana."

Nikaketi. Kichwani nikamwona mama mkwe akirudi kwa wenzake wa bodi, wale waliomwambia habari ya tingatinga. Nilimwona akiwaambia, mlikuwa sahihi. Na mwanamke yule hajazoea kusema maneno hayo, yangemchubua koo.

Yeye mwenyewe hakuonekana kuchubuka. Alikuwa anaikagua modeli, upande ule wa vioo.

"Mwanangu," akamwita mke wangu, "hiki kipya nacho kinanyanyuka?"

"Kinanyanyuka, mama." Mke wangu akanitupia jicho. "Niliambiwa nisigundishe chochote."

"Nani alikwambia?"

"Baba watoto."

"Kumbe ana faida."

Akasimama. Akaweka mkoba chini. Akaingiza mikono yote miwili chini ya maktaba yangu, vioo, ghorofa, viti vidogo, vimiti vya plastiki, watu wa kadibodi wanaosoma, akainyanyua nzima nzima. Akazunguka meza, koh, koh, koh, akaiweka kwenye mapaja ya Meya. Meya akaipokea kwa mikono miwili, unavyopokea mtoto wa mwenzio usiyejua atalia saa ngapi.

Halafu akarudi, akaichukua posta, akaipuliza nyuzi za mfukoni, akairudisha kwenye shimo lake. Ikaingia, tap. Kwenye ubao mzima ikabaki posta peke yake, na nyuma yake uwanja mtupu.

Akarudi nyuma hatua moja. Akainamisha kichwa kulia, akainamisha kushoto.

"Hapo sasa," akasema. "Hapo ndipo nimeielewa. Hebu tazameni inavyopumua."

Hakuna aliyeinama kutazama.

"Mama Mwenyekiti, kibali..." Meya akaanza.

"Kibali nilitoa kwa posta na maktaba kwa pamoja, posta ikiwa ndiyo mlango. Mmeipigia kura posta itoke. Nimewahesabu, mikono yote. Basi kibali kimetoka nayo, na uwanja umerudi kwenye bodi. Mkitaka kingine, leteni maombi. Nitayasoma pamoja na wenzangu. Wale hawana mkwe msanifu, kwa hiyo hawana huruma."

Yule mjumbe wa usingizi akanong'ona, "Tunaweza kupiga kura tena?" Jirani yake akamkanyaga mguu.

Mama mkwe akaokota mkoba. Akaokota na mchoro wangu wa kiwanja, akaukunja vizuri, mstari mwekundu kwa nje.

"Huu, baba, utakuja kunieleza nyumbani. Uje peke yako."

Nikatamani nami ningenyanyuka kama vipande vile, mtu anitie mfukoni aondoke na mimi.

Alikuwa ameshafika mlangoni, mke wangu amemshikia kitasa, Meya alipopata sauti. Bado alikuwa amepakata maktaba. Hakuthubutu kuinuka isimwagike, na kimti kimoja cha plastiki kilikuwa kimemng'ang'ania kwenye tai.

"Mama, huu si uungwana! Nimewaahidi watu maktaba, na uwanja umeuchukua. Sasa hii mimi nitaiweka wapi?"

Mama mkwe akageuka.

"Mfukoni, Mheshimiwa. Posta nzima ilitosha humo, maktaba itashindwaje?"